Mkwe Kwenye Shuka la Mgoa

Mtu mzima, mwenye mvi zake na heshima zake, alijifunika uso na kuinamisha kichwa mbele ya shuka la kitanda! Shuka lenyewe limetundikwa ukutani, halina roho wala masikio. Wanawake waliokaa karibu naye ndani ya ghala la mbata walidhani ameingiwa na mdudu jichoni. Laiti angekuwa mdudu.

Mwenye kufanya hivyo alikuwa Mwaija binti Mosi, msuka mikeka wa Bagamoyo, mtaa wa nyuma kuelekea Kaole. Mjane wa miaka mingi, ulimi mkali, macho makali zaidi. Ukimletea ukili mbovu, ule msuko wa miyaa wa kushonea mkeka, alikurudishia mbele za watu na kukuuliza kama nyumbani kwenu hamna taa. Kama alivyopima mikeka ndivyo alivyopima kila kitu: wali wa harusi, nyimbo za ngoma, hata kilio cha matangani. Kuna bibi mmoja alilia vibaya msibani kwa jirani, Mwaija akamwambia papo hapo apumzike kwanza, aanze upya.

Basi mwaka ule, elfu moja mia tatu na mbili ukielekea tatu kwa hesabu ya Kiislamu, akaja kutoka Unguja Mgoa mmoja, Mhindi Mkristo wa Goa, jina lake Fransisko, na kasha la vioo na taa ya ajabu. Alikodi ghala la kuwekea mbata, zile nazi zilizokaushwa, akaziba nyufa kwa majamvi mpaka adhuhuri ikawa giza tupu. Kisha akawasha taa yake, akapitisha kioo, na picha ikatokea kwenye shuka, kubwa kuliko mtu. Ada ya kuingia ilikuwa nazi mbili. Alikuja takriban kila mwezi na vioo vipya, na kila alipokuja Mwaija alikuwa wa kwanza mlangoni.

Hakwenda kwa ajili yake peke yake. Wake wa nyumba kubwa walikuwa hawatoki, na walitaka kujua. Wakimwita jioni, wakimpa kahawa, naye akiwaeleza alichokiona na kukitolea daraja. Daraja zake zilikuwa nne, zote za kazi yake. Kitu kibaya kabisa kilikuwa cha mchanga, maana hakistahili hata kutandikiwa. Cha kuvumilika kilikuwa cha jamvi. Kizuri kilikuwa cha mkeka mweupe. Na cha mkeka wa rangi hakikuwa kimepatikana bado, wala hakuwa na haraka ya kukipata. Jambo moja lilijulikana mji mzima: Mwaija haongezi chumvi wala hapunguzi. Akisema tembo alikuwa na meno mawili, yalikuwa mawili.

Mfungo Mosi, Idi haijapoa, Fransisko alileta wanyama. Simba alikuwa mnene, amejilaza juu ya zulia. "Jamvi," alisema Mwaija. "Simba wa kule Mkange anakula watu, huyu anangoja kulishwa." Aliyeokoa siku ni tembo, kwani kioo chake kilikuwa na kipande cha kuvutwa, mkonga ukapanda na kushuka kweli kweli. Wanaume wenye ndevu walikimbilia mlangoni wakikanyagana! Kwa hilo, mkeka mweupe.

Mfungo Tatu akaleta Maka. Watu wakamswalia Mtume kwa sauti moja. Lakini Mgoa alikuwa amekipindua kioo, minara ikatazama chini, wazee wakainuka kwa hasira, naye akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Mwaija alikataa kutoa daraja. "Nyumba ya Mungu haipimwi na msuka mikeka," alisema. "Ila Mgoa mwenyewe, mchanga."

Mfungo Nne hakwenda popote, kwa sababu mwezi huo ulimletea msiba. Binti yake wa pekee, Adija, alikuwa ameolewa na Kibwana, kijana wa Mkange aliyekuwa akiishi nao pale nyumbani miaka minne kabla ya kwenda bara na msafara kama mpagazi. Msafara ulirudi bila yeye. Aliyekuja kutoa habari ni rafiki yake na mpagazi mwenzake, Ausi, mikononi ameshika kofia ya marehemu. Alisema Kibwana amekufa kwa ndui njiani, na kwamba wamemzika. Alisema vibaya: alirudia maneno, akasahau siku, akatazama chini. Na kwa Mwaija hilo ndilo lililomfanya aamini. Aliwaona waongo wengi maishani mwake, na wote walikuwa wasemaji hodari.

Adija akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba cha nyuma, bila wanja, bila kutoka. Hapo ndipo habari za ghalani zilipogeuka kuwa chakula. Mwaija alikuwa akirudi, hata hajavua viatu, binti anauliza: "Leo nini, mama?"

Mfungo Tano ilikuwa harusi ya Kizungu. Bibi harusi uso wazi, kamshika bwana mkono mchana kweupe, wala halii! "Nguo nzuri, adabu hakuna. Jamvi." Mfungo Sita ilikuwa nchi ambayo maji yake yamekuwa magumu, na watu wanatembea juu ya ziwa na viatu vyao. "Uongo mtupu. Mchanga." Adija alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, na Mwaija akajifanya anatafuta ukili ili machozi yake yasionekane.

Mfungo Saba ilikuwa merikebu iliyozama, hadithi ya vioo vitano. Cha nne kilivunjika safarini, kwa hiyo merikebu ilikuwa ikiyumba, kisha ghafla mama mmoja yuko pwani amekumbatia kofia ya baharia. Hakuna aliyejua kilichotokea katikati, na ghala zima lililia. Mwaija alilia pia, akakasirika kulizwa bila kuonyeshwa sababu. Mkeka mweupe.

"Na baharia mwenyewe?" aliuliza Adija.

"Si nimekwambia kofia imerudi? Amekufa."

Eda ikaisha. Ausi hakuwa amekata mguu pale nyumbani; aliacha mambo ya misafara, akawa fundi wa milango, akiwaletea mara kuni, mara samaki kutoka Mlingotini. Mwaija alimpa jamvi, baadaye akampandisha. Hakuwa na maneno, lakini Adija alikuwa akimsikia nje anajikwaa kwenye kinu na kucheka. Shaabani ilipoingia Ausi aliposa, akakubaliwa, na harusi ikawekwa Ijumaa ya kabla ya Ramadhani.

Alhamisi ya kuamkia harusi, Fransisko akatangaza vioo vipya. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, mchele unapepetwa, Adija yuko kwenye mkeka anapakwa hina. Mwaija alitaka kubaki, wakamfukuza. "Nenda utuletee habari," walisema. "Hapa una kazi gani, kukosoa wali?" Akachukua nazi zake mbili akaenda.

Fransisko alisimama mbele ya shuka akasema vioo vya leo havikuchorwa kwa mkono. Vimepigwa Tabora na Mzungu aliyekuwa safarini. Kila mtakayemwona, alisema, ni mtu kweli, na kivuli chake ndicho hiki. Ikaja picha ya soko. Ikaja ya wapagazi wamekaa na mizigo. Mwaija akawa anatafuta kosa. Kisha ikaja ya tatu: baraza ya nyumba ya udongo, na mtu amekaa juu ya ngozi, miguu ameinyoosha mbele, nyayo zinawatazama watu wote, kubwa kama milango.

Mguu wa kulia, kidole gumba kimepasuka katikati, ukucha umeota vipande viwili.

Mkono wa Mwaija ulivuta ukaya usoni kabla akili haijafika. Kichwa kikainama chenyewe. Maana kwa miaka minne mle nyumbani hakuwahi kumtazama Kibwana usoni, hata mara moja. Mkwe hatazamwi. Alimwekea chakula akigeukia pembeni, akampisha mlangoni akitazama chini, na alichokijua kwake ni sauti na miguu tu. Kidole kile kilichopasuliwa na jembe alikijua kama anavyojua ukili wake mwenyewe. Na sasa amekaa gizani, anampa heshima mkwe aliyemlilia matanga siku tatu!

Lahaula! Huyu ni picha, alijiambia. Hanioni. Akafunua ukaya polepole, akainua macho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamtazama mume wa binti yake usoni.

Uso ulikuwa umejaa makovu ya ndui. Kibwana aliondoka Bagamoyo uso laini. Hayo makovu ni ya mtu aliyeugua akapona. Alikuwa anacheka. Na nyuma yake alisimama mwanamke, ameweka mkono begani kwake, mkono uliozoea kuwekwa pale.

Mwaija akageuza kichwa kuelekea upande wa wanaume, na Ausi alikuwa kule, mwanga wa shuka umemwangukia. Hakuwa anatazama picha. Alikuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameona mama mkwe anajifunika, na kama alikuwa na shaka yoyote, ilikwisha pale. Mwaija alitaka kupiga kelele, kumwita mwongo mbele ya mji. Lakini alijua kusoma nyuso, na ule haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyemwona maiti amefufuka. Ausi alitafuta gunia la mbata kwa mkono, akaliegemea, akaanguka juu yake kwa makalio, na watu wakamcheka bwana harusi anavyoogopa vivuli. Wengine hawakumtambua Kibwana hata kidogo. Hakuwa mzaliwa wa mjini, na ndui ilikuwa imempa uso mwingine.

Fransisko akabadilisha kioo, ikaja milima.

Njia ya kurudi nyumbani haikumtosha Mwaija. Alifika kisimani, akasimama, akaendelea, akasimama tena. Akisema, hakuna harusi. Binti ana mume hai, na mume hai ana mwanamke mwingine Tabora na hajatuma hata salamu. Adija atakaa tena kwenye chumba cha nyuma, safari hii bila siku ya kutoka. Akinyamaza, na Ausi akinyamaza naye, binti ataolewa kesho huku bado ni mke wa mtu, na hatajua, na asiyejua hana dhambi. Dhambi itakuwa ya mama. Vizuri, iwe ya mama, alisema kwa sauti, na mtu aliyepita na punda akamgeukia. Amelia vya kutosha mwanangu. Alifika mlangoni ameshaamua, na uamuzi wenyewe ulimtisha kuliko picha.

"Haya, tupe!" walisema wanawake kwa pamoja. Adija alikuwa ameinua mikono hewani, hina mbichi, uso unang'aa.

"Leo nini, mama?"

"Milima," alisema Mwaija. "Mawe na milima ya bara. Hakuna hata mtu mmoja. Mchanga."

Wanawake wakaangua kicheko, wakamhurumia kwa nazi zake mbili. Yeye alisimama pale ameduwaa. Uongo ulikuwa umetoka laini, umenyooka, bila kujikwaa hata mahali pamoja!

Hata hajakaa, ikapigwa hodi. Sauti ya mwanamume, na sauti yenyewe ni ya bwana harusi! Wanawake wakapiga mayowe, wakamtupia Adija shuka kichwani. Bwana harusi kuja kwa bibi harusi siku ya hina, wapi iliwahi kuonekana?

"Shikamoo, mama," alisema Ausi kutoka nje.

Mwaija akachukua ungo, akapepeta mchele kwa nguvu.

"Mama, umewaambia?"

"Niwaambie nini? Rudi kwenu, Ausi. Kesho ndiyo siku yako. Rudi!"

Wanawake waliacha kupepeta. Kisha Ausi akasema, palepale nje, kwa ile sauti yake ya kurudia maneno:

"Adija, Kibwana hakufa. Hakufa. Nimemwona leo kwenye shuka la Mgoa, yuko Tabora, ana makovu. Niliwaambia tumemzika. Sikumzika. Nilimwacha kibandani anakoroma, niliogopa ndui, nikachukua kofia, nikakimbilia msafara. Nilijua hataamka. Wallahi, nilijua hataamka. Siwezi kukuoa. Mama yako alikuwapo, ameona. Alijifunika."

Adija alilitoa shuka kichwani kwa viwiko, ili asiharibu hina. Mtu mmoja akaanza kulia, mwingine akamnyamazisha.

"Mama, ulijifunika?"

Hapo hasira na huruma vikampanda mama kwa pamoja, akapiga magoti kwenye mkeka, akamshika binti mabega.

"Nilitaka nikuepushie, mwanangu! Si mumeo tena yule. Ana mwanamke, kasimama nyuma yake, kaweka mkono begani. Nimemwona kwa macho yangu. Naapa kwa Mungu, nimemwona!"

Adija alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia akaingia uani. Kisha akajitoa taratibu mikononi mwake, akageukia mlango.

"Ausi," aliita. "Kwenye picha hiyo, kuna mwanamke?"

Na Mwaija akabaki amepiga magoti, akingoja kama wenzake kusikia Ausi atasema nini.