Mlango wa Marehemu Mbunge

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msije mkadhani ubunge ni suti na gari lenye vioo vyeusi. Mimi niliolewa na mbunge, najua. Shule yangu ni ngumbaru tu, ila niliyoyaona kwa macho yangu sihitaji mwalimu wa kunisimulia.

Mume wangu alituwakilisha mpaka nywele zikawa nyeupe. Masika, gari likikwama topeni kabla ya Njinjo, alikunja suruali, viatu mkononi, akaenda. Akifika kijijini hakutaka ngoma wala kiti cha mbele. Aliuliza kisima kinatoa maji au kimekauka. Na alipouacha ubunge, watu hawakuacha kuja kwetu hapa Masoko. Asubuhi ukifungua mlango unamkuta mtu barazani na shida yake. Atakunywa uji, kisha mzee atavaa kofia, waongozane mpaka wilayani, wakae benchi moja.

Basi akafariki. Mimi nikakaa eda, ndani, nyuma ya pazia, maana mwanamke aliye edani haonani na wanaume wa nje. Mlango ukabaki mikononi mwa mwanangu mkubwa, aliyekuja kutoka Dar es Salaam.

Siku hiyo nikasikia sauti za wazee barazani. Wangindo wa Likawage, watani zetu. Tembo wamemaliza mihogo yao, wanatafuta mtu wa kuwasemea.

"Huyu mbunge wenu mwoga!" mmoja akapaza sauti. "Kasikia tembo wanakuja, kakimbilia kaburini! Mtoeni huko!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Lakini mwanangu, mtoto wa mjini, akaona baba yake katukanwa.

"Mzee, heshima! Habari za tembo nendeni ofisini. Hapa hakuna mbunge tena."

Komeo likalia. Komeo, mchana kweupe! Katika nyumba hii sikuwahi kulisikia jua likiwaka. Nikajua, hawa wakirudi Likawage na habari kwamba tumewafungia, hatakuja mwingine, na kazi yote ya yule mzee itakuwa imezikwa naye.

Kutoka siwezi. Sauti ninayo.

"Wewe! Huyo mtani wako, hajamtukana mtu. Baba yako angemjibu vibaya zaidi."

"Sasa mama, mimi nitawasaidia nini? Mimi si mbunge."

"Na yeye alipostaafu alikuwa mbunge?"

Mtani huko nje akadakia: "Shemeji! Na sisi tumeshakaa eda hapa barazani, hatutoki!"

Nikawaita wote wa nyumba hii, wana, wakwe na wajukuu. Walipokwisha kusimama mbele yangu, nikasema:

"Fungueni. Kuanzia leo mlango huu haufungwi mchana, niwe hai au nimekufa. Na wewe, washa gari lako, uwapeleke wazee wilayani, usirudi hapa mpaka wasikilizwe."