Mjumbe wa Upande wa Chini

Nilichaguliwa kuwa mjumbe siku ambayo hata sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda Port Reitz kumwangalia dada yangu aliyelazwa hospitali, na niliporudi Likoni jioni, khalati yangu alikuwa akiningoja barazani. Mkutano wa mtaa ulifanyika shuleni, akanieleza. Ofisi inayosimamia mito ilikuwa ikiandaa mpango wa bonde zima, nayo ikataka mtu mmoja kutoka upande wetu wa chini aingie katika kamati ya ushauri. Yeye akasimama, akalitaja jina langu.

"Wewe ushastaafu ualimu, na kusema na watu wa ofisi unajua," alinambia. "Mimi najua maji tu."

Khalati ni mdogo wa marehemu mamangu. Analima mpunga katika bonde lililo nyuma ya nyumba zetu, kwenye majaruba aliyorithi kwa nyanya yangu. Mto unaopita pale si wa kusifiwa. Kiangazi mtu huuruka na kanga asiilowanishe. Masika ndiyo hutanuka hadi kwenye minazi, na zamani ulikuwa ukishuka wenyewe kwa siku mbili tatu. Kisha barabara mpya ikakata bonde. Waliojenga waliweka chini yake kalvati mbili za kupitishia maji, nyembamba, tena juu ya usawa wa maji, na tangu hapo mvua ikipiga maji hurudi nyuma, yakakaa mashambani wiki nzima. Mpunga unaoanza kutoa masuke huozea hapo hapo.

Basi nilikwenda kwenye kamati na neno moja: kalvati zile ziondolewe, zitiwe kubwa, ziteremshwe chini.

Mikutano ilikuwa Shanzu, hotelini. Siku ya kwanza niliswali alfajiri, nikavuka kwa feri, nikapanda magari mawili, nikafika kabla ya saa tatu kama barua ilivyotaka. Tulianza saa tano. Tulikuwa watu kumi na kitu: wavuvi, wachimba mchanga, mwakilishi wa mahoteli, wakulima wa juu, na mwenyekiti aliyependa kutuita wadau. Mtaalamu aliyeajiriwa kuandika mpango, mama mmoja mpole kutoka Nairobi, alitandaza ramani ukutani. Niliitazama sana. Mto wetu haukuwemo.

Nikamwambia. Akanijibu kwa adabu kwamba ramani inaonyesha mito mikuu, na wetu ni mkondo wa msimu. Nikasema msimu wenyewe hutukuta nyumbani. Watu walicheka, naye akatabasamu, akaandika maneno yangu kwenye kikaratasi cha manjano. Kwa kuwa upande wetu ulikuwa ukingoni mwa ramani na nafasi ilikuwa finyu, alikibandika baharini.

Kabla hatujatawanyika alituomba ushahidi. Hilo nilifurahi nalo, maana ushahidi tulikuwa nao. Asubuhi tatu mfululizo mimi na khalati tulitembea bondeni na vijiti tulivyovifunga vitambaa vyekundu. Yeye alinionyesha maji yalipofika kila mwaka, mimi nikachomeka kijiti na kuandika kwenye daftari. Miaka yake hakuihesabu kwa tarakimu. Huu ni mwaka aliozaliwa mwanao wa pili, alisema. Huu ni ule tuliomzika mjomba, tukapitisha jeneza kwa juu kwa ajili ya maji. Kutokana na vile vijiti nilichora ramani yangu kwa mkono, nikaandika kurasa nne, nikazipeleka. Mtaalamu alikuja mwenyewe kuona, akavua viatu, akaingia majarubani, akampiga khalati picha akiwa ameinama anapandikiza.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta," alinambia. Nilimwamini, na mpaka leo sidhani kwamba alinidanganya.

Mkutano uliofuata tulipewa rasimu. Niliipekua mara ya kwanza nisione kitu. Mara ya pili nikaona mstari mmoja: jamii ya upande wa chini ihamasishwe kuhusu namna ya kuishi na mafuriko. Nikanyoosha mkono, nikauliza kalvati ziko ukurasa gani. Mwenyekiti akasema barabara ni za ofisi nyingine, kamati hii inashauri mambo ya maji.

"Na maji yanapita chini ya barabara," nilisema. "Tumshauri nani?"

Akasema hoja yangu imepokelewa. Kisha wakatangaza chai. Nilisimama na kikombe mkononi, nimekasirika hata sikuweza kunywa, huku wenzangu wakinijia mmoja mmoja kunong'ona kwamba nilisema kweli. Mle ndani hakuna aliyekuwa amefungua mdomo.

Masika ile maji yalikaa siku tisa. Nilimkuta khalati amesimama ndani yake mpaka magotini, ameshika suke lililogeuka jeusi.

"Uliwaambia?" akaniuliza.

"Niliwaambia, khalati. Kwa mdomo na kwa maandishi."

"Basi walisikia," akasema, akaendelea kung'oa.

Kitabu cha mpango kilitoka baada ya mavuno ambayo hatukuvuna. Karatasi yake nzuri, nzito. Kwenye jalada yuko khalati, ameinama majarubani, mpunga umemzunguka kijani kibichi. Nilitamani nimfiche kitabu, lakini jirani alikuwa ameshamwonyesha. Alinitaka nimsomee pale panapotuhusu, nikamsomea ule mstari.

"Kuhamasishwa ndiyo kufanywa nini?"

"Kufundishwa."

"Nifundishwe maji? Na nani?"

Wiki ile ile nilichukua daftari langu, na nakala ya zile kurasa nne ndani yake, hadi kwenye ofisi ya barabara. Kijana wa mapokezi alinipeleka kwa mhandisi, naye alisoma kurasa zote nne, akaniuliza maswali ya maana. Nikapata moyo. Mwisho akauliza kama jambo hili limo katika mpango wa bonde. Nikamwambia halimo. Akafunga daftari taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. Lingekuwemo, alisema, angeweza kuliombea fedha. Bila hivyo hana pa kushika.

Nimeiandikia kamati kwamba mstari ule uondolewe na kalvati zitajwe. Wamenijibu kwamba mpango utapitiwa upya baada ya miaka kadhaa, na kwamba wangependa niendelee kuwa mjumbe. Nimekubali, kwa hasira, maana nikitoka hapatabaki hata mtu wa kuuliza. Khalati msimu huu ameacha majaruba ya chini kabisa. Amepanda muhogo juu, karibu na minazi, na nikimwuliza habari za bonde husema limelala.