Kiti Alichokisifu Hakimu

Mimi ni mama yake mdogo, na nina hasira. Nayasema yote mawili mapema ili mtu asije akaniuliza huko mbele kwa nini sauti yangu iko juu.

Binti huyu wa marehemu dada yangu tumezoea kumwita Hakimu. Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa bado wa kukaa chini ya meza wakubwa wakiongea, shangazi yake akaja na gauni jipya, akajizungusha katikati ya sebule na kuuliza, "Limenikaa?" Watu wazima wote tukasema limemkaa kama alizaliwa nalo. Mtoto akatoka chini ya meza, akazunguka nyuma ya shangazi, akarudi mbele, akasema, "Huku limekubali. Kule limekataa." Shangazi alinuna msimu mzima.

Tangu hapo watu wakawa wanamwita. Ndoo ya nani ilitangulia bombani? Mwiteni Hakimu. Nani alianza kutukana? Mwiteni Hakimu, alikuwepo. Na akishasema, mshindi na mshindwa wote wanakwenda zao, maana wanajua hana upande. Hakurithi nyumba wala shamba. Alichokuwa nacho ni hicho tu: akisema kitu, kimekuwa.

Alipokua akajifunza kushona mashuka, foronya na mapazia. Cherehani ilikaa sebuleni kwangu, kati ya dirisha na kitanda cha bibi yake, yaani mama yangu mzazi, ambaye miguu yake ilishastaafu zamani. Kushona anajua. Kuuza ndiko kulikomshinda. Mteja anashika shuka jekundu na kuuliza, "Hili halichuji?" Mtu mwenye njaa yake anajibu halichuji. Hakimu anasema, "Litachuja mara mbili za mwanzo. Lifue peke yake." Mteja analiweka chini kama limemng'ata, na mimi pembeni nauma meno.

"Wewe," nilimwambia, "hata jangwani ungeshindwa kuuza maji. Ungeanza kwa kumwambia mtu kwamba ni ya moto."

Nikampeleka chuo cha ufundi, akasome utawala wa biashara na uuzaji wa mtandaoni. Chuo chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari: chumba kirefu, feni inayozunguka ikijisikia, kompyuta moja kwa wanafunzi wawili, na chini watu wanakata mabati mchana kutwa. Nisiwe mchoyo wa haki, nusu ya kwanza ya kozi ilikuwa nzuri. Alijifunza kupokea simu kwa adabu, kupanga mafaili, kujua stoo imebakiwa na nini kabla ya kuahidi mtu. Alijifunza kupiga picha bidhaa. Shuka hutundikwa karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, na kioo cha simu kifutwe kwanza. Bibi yake akapewa kazi ya kushika pembe ya shuka akiwa amekaa kitandani. "Nimekuwa mwanamitindo uzeeni," alikuwa analalamika, huku ameshajipaka mafuta na kufunga kilemba kipya.

Aliyewafundisha utawala alikuwa mama mmoja mtu mzima, katibu mstaafu. Huyo aliwaambia kwamba karatasi ikitoka ofisini bila jina na namba ya simu ya mwandishi, hiyo si barua, ni uvumi. Hakimu alirudi nyumbani ameshika maneno hayo kama mtu aliyezawadiwa. Hatimaye alikuwa amekutana na mwalimu wa dini yake.

Nusu ya pili ndiyo iliyoniletea hasira hizi. Mwalimu wa mtandaoni alikuwa kijana mtanashati, viatu vya ncha, kila sentensi anaifunga kwa "tumeelewana?" Aliwafundisha kwamba duka la mtandaoni lisilo na maoni ya wateja ni sawa na mgahawa mtupu saa ya chakula cha mchana, kila mtu anachungulia na kupita. Hilo ni kweli kabisa. Tatizo ni dawa aliyowapa. Kila mwanafunzi alitakiwa aandike maoni ya kuzisifu bidhaa za wenzake, pamoja na za "duka la mfano", ambalo baadaye tulikuja kujua ni la mdogo wake, tumbo moja. Hakuna aliyeshika bidhaa hata moja. Walizitazama kwenye picha, wakaambiwa wazisifu, na maksi zikawa zinatolewa kwa uchangamfu. Chuo hicho kina mkuu wake, kina bango lake, na wazazi tunalipa ada watoto wetu wakafundishwe umbea.

Hakimu akapangiwa kiti cha kuogea cha duka la mfano, cha plastiki, cha wazee, chenye matundu ya kupitisha maji. Akaandika, "Sijakitumia. Kwenye picha kinaonekana kizuri."

Mwalimu aliyasoma hayo mbele ya darasa kwa sauti ya kuigiza, darasa likaangua kicheko mpaka wakata mabati waliokuwa chini wakasimama kusikiliza. Akampa sifuri. "Weka mtu," akamwambia. "Weka hisia. Kwani wewe huna bibi?"

"Ninaye. Lakini hana kiti hicho. Si utakuwa uongo, mwalimu?"

"Hili ni zoezi, dada. Zoezi si kiapo. Tumeelewana?"

Akaandika upya. Maneno yake nimeyasoma mara nyingi, nayajua kwa moyo: "Bibi yangu alikuwa anaogopa kuoga kwa sababu ya kuteleza. Tangu nimnunulie kiti hiki anaoga mwenyewe, anaimba humo ndani mpaka tunamgongea mlango atoke. Hakitikisiki kabisa." Cha kweli hapo kilikuwa woga tu. Bibi yake huoga amekaa kwenye kigoda chake cha mti, na mimi nimemshika kiwiko, na haimbi, ananigombeza.

Wenzake wote waliweka majina ya kubuni na picha za maua na wachezaji wa mpira. Hakimu aliweka uso wake, jina lake na namba yake ya simu, kama katibu mstaafu alivyofundisha. Mwalimu akampa maksi za juu kuliko wote, na maoni yale yakawekwa kileleni mwa ukurasa wa duka la mfano, ambapo kila anayeingia anayakuta ya kwanza.

Asubuhi ya Jumamosi mtu alipiga simu akaomba kuelekezwa nyumbani. Tukajua ni mteja wa mapazia. Akaja mwanamume wa makamo, shati limejaa vitundu vidogo vya cheche, nikajua ni fundi wa kuchomelea. Mkononi ana gunia. Akasalimia vizuri, akakaa tulipomwonyesha, kisha akafungua gunia na kutoa kiti cheupe cha plastiki, halafu mguu wake mmoja, halafu wa pili.

"Dada," akamwambia Hakimu na kumwonyesha simu, "haya uliandika wewe?"

Hakimu akayatazama. "Niliandika mimi."

"Sijaja kugombana. Nimekuja kuuliza tu. Hiki changu kimevunjika, mama yangu ameanguka. Nikasema labda nilikifunga vibaya. Cha kwenu mlikifungaje?"

Kabla Hakimu hajafungua mdomo, yule bwana alimwona mama yangu kitandani na kumgeukia kwa heshima zote. "Shikamoo, bibi. Samahani, kile kiti chako cha kuogea, naweza kukiona?"

"Marahaba, baba. Kiti gani?" mama akasema. "Mimi naoga kwenye kigoda changu. Waulize hao, kila siku wananivuta kama gari bovu."

Mimi nimeshawahi kuona aibu. Ile haikuwa aibu, ilikuwa kitu kingine. Fundi alimtazama mama, akamtazama Hakimu. Akaanza kurudisha vipande guniani kimoja kimoja.

"Mama yangu amevunjika nyonga," akasema akiwa ameinama. "Mimi nachomelea vyuma. Ningemtengenezea kiti kwa mikono yangu. Ila hakutaka chuma, alisema kina baridi. Ndipo nikamsomea haya."

Angetutukana ningepata pa kumshikia. Hasira ikanipanda kwa sababu hakutukana. Nikamrushia, "Na wewe, kaka, unaamini kila unachokisoma kwenye simu?"

"Hapana, mama," akanijibu. "Nilimwamini mtu mwenye uso na namba."

Akaaga na kuondoka.

Jumatatu nilikuwa nimeshapanda ngazi za chuo kabla duka la mabati halijafunguliwa, Hakimu nyuma yangu. Mwalimu alitusikiliza huku anapangusa kiatu kwa kidole. Akasema viti vya plastiki vina uzito wake, wazee wengine hujitupa. Akasema jambo lenyewe ni dogo, Hakimu afute yale maoni, abadilishe namba ya simu, kwisha habari.

"Kosa si maoni," akamwambia. "Kosa ni kuweka sura yako. Nani alikufundisha hivyo?"

"Ninyi," Hakimu akasema.

Nilitamani nimvue vile viatu vya ncha nimfundishe navyo. Na nyumbani, nisidanganye, hata mimi nilimwambia Hakimu afute. Mahafali yalikuwa yamekaribia. Nilitaka cheti, nilitaka bango la duka lake, nilitaka mtu apumzike. Akanitazama kama alivyomtazama shangazi yule wa gauni.

"Nikifuta, mama mdogo, nitakuwa nimesema kwamba yule mama hakuanguka."

Hakufuta. Aliandika chini yake, na chini ya kila sifa aliyowahi kuiandika kwa ajili ya mwanafunzi mwenzake, maneno yaleyale: "Haya niliyaandika kama zoezi la darasani. Kitu hiki sijawahi kukishika. Kiti cha kuogea kimevunjika na mama wa mtu ameumia." Na uso wake. Na namba yake. Duka la mfano likamfungia nje jioni hiyohiyo, maneno yake ya kusahihisha wakayaondoa, zile sifa za kwanza wakaziacha kileleni. Kiti kikaendelea kuuzwa.

Wenzake walikuja juu. Mmoja anayetengeneza sabuni alitufuata mpaka mlangoni. "Umeniharibia! Sabuni yangu ni nzuri na unajua!"

"Sijui," Hakimu akamjibu. "Sijawahi kuiogea. Nipe kipande, nikishaoga nacho nitaandika nilichokiona."

Msichana akasonya kwa urefu wote wa pumzi zake na kuondoka na sabuni yake. Angekitoa kile kipande, mimi ningekipokea. Mkuu wa chuo naye akaamua kwamba Hakimu amechafua sura ya chuo, na cheti chake kikawekwa kabatini "mpaka hapo itakapoamuliwa". Mwalimu wa viatu vya ncha bado anafundisha. Wiki ile nikasikia watu wanagombania zamu bombani, mtu akasema mwiteni Hakimu, mwingine akauliza, "Hakimu yupi, wa viti?" Wakacheka. Hawakumwita. Alikuwa dirishani, cherehani imesimama, amesikia kila neno.

Ndipo akasema anakwenda kumwona mama wa fundi. Nilifuata shingo upande. Nilijua huruma zitamponza, na nilitaka kuwepo wa kumzuia. Alichukua mashuka mawili meupe ya pamba aliyoyashona mwenyewe, akayafua na kuyapiga pasi.

Fundi alitupokea bila maneno mengi. Akatupitisha kwenye ua wenye mageti ambayo hayajapakwa rangi, akatuingiza chumbani. Bibi mwembamba alikuwa amelazwa chali, mguu umeegemezwa mito, macho yanang'aa kama ya mtu mwenye afya.

"Mama, huyu ndiye dada wa kile kiti," fundi akasema, kisha akatoka nje. Nikaelewa kwamba mengine hakumwambia. Alimwachia mwenye nayo.

Bibi akaushika mkono wa Hakimu kwa mikono yake miwili. "Ndiye wewe mwenye bibi anayeimba? Karibu, mwanangu. Kaa hapa. Mimi kile kiti nilikikataa, nikasema plastiki si kitu cha kumkalisha mtu. Mwanangu akanisomea maneno yako. Nikamwambia nisomee tena. Nikasema, kama mwenzangu naye aliogopa na sasa anaimba, mimi ni nani?" Akacheka kidogo, nyonga ikamkataza. "Kila nikikikalia nilikuwa naongea naye. Namwambia, mwenzangu, leo maji ya baridi. Mwenzangu, leo mgongo unauma, wako je? Nimelala hapa namuwaza yeye. Hebu niambie, naye alianguka?"

Nilimfinya Hakimu pajani. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, jepesi, la adabu, na tena la kweli: hajambo. Aseme hajambo, tuache mashuka, tuende zetu.

"Hakuanguka, mama," Hakimu akasema. "Hakuwahi kukikalia. Kwetu hakuna kiti hicho. Yale maneno niliyatunga, nilikuwa natafuta maksi."

Yule bibi aliitoa mikono yake taratibu, mmoja halafu mwingine, akaiweka juu ya tumbo lake.

"Kumbe," akasema, "siku zote zile nilikuwa naongea peke yangu."

Mashuka yalibaki mapajani mwa Hakimu, na hakuna aliyenyoosha mkono kuyapokea.