Fundi anayeongea huku cherehani ikikimbia

Saa tatu asubuhi, simu inatetemeka juu ya meza ya kukatia. Mama Pindo, fundi cherehani kwa miaka kumi na saba, anaitupia jicho bila kuondoa mguu kwenye pedeli.

"Kama hiyo programu ndiyo inayojua haki, basi iwe yenyewe mdogo wako," ameandika mdogo wake.

Mguu unasimama.

Wamevutana wiki mbili. Ijumaa mama yao anafanyiwa upasuaji wa jicho, na mdogo, muuguzi wa wodi ya watoto, anaamini dada yake amekataa kumpeleka hospitali. Jana Mama Pindo aliisimulia programu ya akili mnemba ugomvi huo, ikampa haki. Naye akamtumia mdogo wake hukumu nzima kama ilivyo.

"Nilidhani nimemfunga mdomo," anasema, pini nne zikiwa katikati ya midomo yake. "Kumbe nimemwasha."

Leo anataka yaishe. Ananakili mazungumzo yote, jumbe sitini na tatu, anayabandika kwenye programu na kuuliza: nani mkosaji?

Jibu linakuja papo hapo. "Maneno ya mdogo wako ninayaona. Kwako, mara kumi na tisa, pameandikwa tu 'ujumbe wa sauti'. Sijui ulisema nini. Je, yeye alisikiliza?"

Fundi anayeshona nguo tano kwa siku hana mkono wa kuandika. Huongea na simu huku cherehani ikikimbia. Sasa anapandisha mazungumzo, akichungulia alama ya kipaza sauti kwenye kila ujumbe wake. Kijivu. Kijivu. Hakuna hata mmoja uliofunguliwa.

"Wodini simu haitakiwi kutoa sauti," anasema taratibu. "Anasoma tu, akienda kunywa maji. Na mimi humo nimesema mara tatu: Ijumaa nampeleka mimi, wewe utakuwa umetoka zamu, ulale."

"Iambie ikuandikie msamaha," anashauri mteja anayesubiri kupimwa gauni. "Inaandika vizuri kutushinda."

"Mdogo wangu huyo nimembeba mgongoni. Atajua si mimi."

Anatema pini mkebeni. Anaandika kwa kidole kimoja, dakika sita:

"Mama nampeleka mimi. Nilikwambia kwa sauti sikujua husikii. Na ile hukumu nisamehe. Ulale mdogo wangu."

Mama Pindo anakunja kitambaa, anakikunjua tena. Kisha simu inatetemeka.

"Dada, leo vidole vimeota?" Na mara nyingine: "Mama akae dirishani. Gari humtapisha."

Mama Pindo anajifuta macho kwa kipande cha bitana. Anachukua chaki ya kuchorea nguo, anakwenda mlangoni na kuandika kwa herufi kubwa: IJUMAA SISHONI.

"Na gauni langu la Jumamosi?" anauliza mteja.

"Utalichukua Alhamisi. Simama nikupime."