Niligawa storage kama shamba, picha za wanafunzi zikakosa pa kukaa

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Hii nitasema vile ilikuwa, hata pale inaniaibisha.

Niko na studio ya picha hapa Noonkopir. Shule niliachia darasa la saba, lakini storage yangu niliunda mwenyewe: kompyuta tatu zimeunganishwa, faili zinakaa kama ziko kwa mashine moja. Hakuna fundi amewahi kugusa waya yangu.

Wakati wa kuinstall iliniuliza block size, yaani faili zikatiwe nafasi za ukubwa gani. Yenyewe ilipendekeza kitu kidogo sana. Nikacheka. Mimi nimeuza mashamba huku miaka mingi, vipande vidogo ni vya watu wa kulipa polepole. Nikaweka ile kubwa kabisa.

Baadaye nikapata kazi ya picha za ID, shule moja kubwa huko Kajiado. Picha ndogo ndogo, nyingi. Principal anazitaka Jumatatu asubuhi, na nikimwangusha kazi inaenda kwa jirani yangu, mtu hajui hata kushika kamera.

Jumapili tumetoka kanisa, nusu ya picha hazijaingia, storage inasema imejaa.

Nikaita Mwende, mdogo wa mke wangu, anafanya kazi ya kompyuta. Aliangalia, akavuta kiti.

"Shem, kila picha inashika block nzima, na nafasi ikibaki hakuna mwingine anaingia. Umempa kila mtoto eka moja na amejenga choo tu."

"Si tupunguze block?"

"Hii yako haipunguzwi. Ni kufuta yote uanze upya. Toa kwanza zile unataka."

Maduka yamefungwa, flash ni moja. Inatosha picha za wanafunzi, ama video ya birthday yangu ya fifty, hotuba yangu nzima bila kukatwa. Copy ingine hakuna.

"Baba Kamau, watoto wa watu kwanza," mke wangu akasema. Flash alikuwa ameshachomeka.

Tukafuta, tukaweka block ndogo, picha zote zikaingia na nafasi ikabaki. Principal alifurahi, amenipa hadi darasa za chini.

Nimejifunza hivi: kabla uchague block size, angalia ukubwa wa faili zako, usiangalie cheo chako.

Sasa wakuu, mwenye anajua kurudisha video imefutwa aniambie hapa chini. Nimeuliza wageni wote kama kuna mtu alirekodi na simu. Wanasema hotuba waliisikia vizuri, nisijisumbue.