Mhariri Mkuu wa Saketi na Mayai ya Mungaa

Antipasi alijiita Mhariri Mkuu, ingawa mhariri mdogo hakuwepo. Jarida lake, Saketi, lilikuwa karatasi kumi na mbili zilizobanwa kwa pini, nalo lilitoka kwenye mashine yangu ya fotokopi hapa Shelui, jirani na maegesho ya malori. Mimi Winfrida ndiye niliyekuwa nikilichapa kwenye kompyuta. Kwa hiyo ninayoyasema nayajua, na lawama nyingine ni yangu.

Alikuwa fundi redio kwa miaka ishirini. Watu walipohamia kwenye simu, akaamua kuwafundisha wapenda ufundi kwa maandishi: taa ya sola kwa betri za laptopu mbovu, kengele ya kumshtua mwizi wa mbuzi, amplifaya ya kwaya. Michoro aliichora kwa rula, na sikatai, ilikuwa mizuri. Ugonjwa wake ulikuwa ukurasa wa kwanza. Kila toleo lilianza kwa tahariri ya kujisifu, kisha matusi ya adabu kwa washindani. Kulikuwa na jarida la rangi kutoka Dar, ambalo yeye alisema linanukia marashi. Kulikuwa na magrupu ya WhatsApp yanayogawa michoro bure. Na kulikuwa na yule aliyemwita "kijana wa video wa Iguguno", ambaye Antipasi hakutaka hata kulitaja jina lake asije akampa umaarufu. Kijana mwenyewe alikuwa na wafuasi elfu arobaini. Saketi ilikuwa na wasomaji sitini na watatu, ukinihesabu mimi, na mimi nilisoma kwa sababu nachapa.

Basi Antipasi akajiaminisha kwamba kijana yule anamwibia michoro. Ushahidi? Wote wawili walitengeneza taa ya sola mwezi mmoja. Akaja dukani ananong'ona kama anayepanga mapinduzi. Kuanzia toleo la tano, kila mchoro ungekuwa na kosa moja la makusudi. Mwizi angeunakili, kifaa kingemshinda mbele ya wafuasi wake, aibu ingekuwa yake.

"Na wasomaji wako?" nikamuuliza.

"Wangu nawaambia kwa mdomo."

Na kweli aliwaambia. Siku ya mnada alikaa kwenye meza yake, na kila aliyenunua aliinamiwa sikioni: ukurasa wa sita, palipoandikwa hivi, soma vile. Hakuandika masahihisho popote, eti karatasi huibiwa. Wateja walipenda siri ile kuliko jarida lenyewe.

"Na wa kwenye mabasi?" nikauliza tena, maana nakala kadhaa tulizituma kwa makondakta.

"Nitawapigia."

Toleo la kumi na moja lilikuwa la mashine ya kutotolea mayai: boksi, balbu mbili, na saketi ya kushika joto. Rizista, kipande kinachozuia umeme usizidi, ilikuwa ya ohm elfu sita; ikaandikwa elfu mbili. Chini yake akaongeza kwa kiburi chake: "Ukifuata thamani hizi, huhitaji kipimajoto." Nikaichapa. Wiki ile nzima hakumpigia mtu. Alikuwa amekodolea macho simu yake, anachoma bando kumsubiri kijana wa video aunguze mayai. Kijana akaonyesha jinsi ya kusafisha spika. Wiki iliyofuata akaonyesha pasi. Hakuiba chochote, kwa sababu hakuwahi kuisoma Saketi.

Aliyeisoma ni Felista wa Mungaa, mama wa makamo, mfuga kuku, mteja wetu wa basi tangu toleo la kwanza. Asubuhi moja alishuka Shelui na boksi la mbao na mfuko wa plastiki. Antipasi alikuwa dukani kwangu, anasoma tahariri mpya kwa sauti.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Namtafuta Mhariri."

Akafungua boksi. Sijaona kazi safi namna ile. Kila waya umenyooshwa, kila kiungo cha risasi kinang'aa. Akapasua yai moja kwenye kifuniko. Kiini kilikuwa kimeganda.

"Mayai tisini," akasema. "Nimekuja uniambie nimekosea wapi. Nimelinganisha na mchoro mara saba. Nilisikia joto kali mkononi, nikasema Mhariri anajua zaidi yangu."

Alikuwa anaomba radhi. Mwanamke aliyesafiri tangu alfajiri alisimama pale anamwomba radhi yule aliyemharibia. Nilimchukia Antipasi, na mimi mwenyewe sikujipenda. Nikamtazama, najua uongo upo karibu na mdomo wake: balbu feki, umeme wa Mungaa, lolote. Angeaminiwa.

Akavua miwani. "Hukukosea, mama. Hiyo namba niliibadilisha mimi."

"Kwa bahati mbaya?"

"Makusudi. Ulikuwa mtego wa yule kijana wa video."

Felista hakupiga kelele. Akatoa kwenye mfuko matoleo yote kumi na moja, yamefunikwa kwa karatasi ya kaki kama madaftari ya shule, akayapanga kwenye kaunta na kuweka kalamu juu yake.

"Nisahihishie."

Antipasi akaanza vizuri. Matoleo manne ya kwanza aliyaweka kando bila kuyafungua. La tano akalifungua, akalifuata kwa kidole, akarudi mwanzo. Akahamia la sita. Alikuwa amesahau. Mtego gani aliuweka wapi, hakukumbuka, na masahihisho yote aliyagawa masikioni mwa watu mnadani. Akanigeukia mimi. Mimi huchapa nilichoandikiwa.

"La saba nadhani ni sahihi," akasema.

"Unadhani," Felista akasema.

Akayachukua yale manne ya kwanza, akayarudisha mfukoni. Mengine hakuyagusa. Akanisogelea.

"Mwanangu, huyo kijana wa video anaitwa nani?"

Nikamwandikia Calist, mbele ya Mhariri Mkuu, kwa herufi kubwa, asije akakosea kumtafuta.