Walitupiga kwa Mbegu

Vijiti vilikuwa mia tatu na sitini. Nilivihesabu nilipovikata Pugu, nikavihesabu tena nilipovishusha Kariakoo, kwa sababu kati ya Pugu na Kariakoo kuna watu wengi wenye mikono. Vilikuwa vya muhogo mchungu, nimevifunga mafungu sita na kuvisimamisha barazani kwa Ami, Mwarabu mwenye duka la chumvi aliyeniachia niuze mihogo yangu mbele ya mlango wake. Juu nimevifunika gunia lililolowa maji.

Mama alinitumia salamu kutoka Rufiji. Mto ulikuwa umechukua mpunga, na maji yakakaa shambani hadi mihogo ikaoza pamoja na miti yake. Serikali ikawahamishia kijiji kipya, juu kwenye udongo wa kichanga, mahali ambapo mpunga hauoti. Kaya tisa zilikuwa zinaishi kwa mizizi ya porini na unga wa msaada, na unga wa msaada haupandwi. Mama hakutaka fedha wala nguo. Alitaka mbegu ya muhogo mchungu, ule ambao nguruwe hawaugusi, na aipate kabla mvua haijakata. Kijiti kikishakatwa hakisubiri sana. Siku ya kumi na kitu ukikipanda unazika kuni. Siku ile ilikuwa ya nne, na basi la Rufiji lilikuwa halijaonekana, mafuta hakuna.

Mgambo walitokea saa nne asubuhi, pande zote mbili za mtaa. Walikuwa wanakamata wazururaji: asiye na karatasi ya kazi anapandishwa lori akalime. Ami alikuwa amesikia kabla yangu. Nilipogeuka, mlango umeshafungwa, mimi na mbegu tuko nje.

"Ami, pokea vijiti tu, mimi niache."

"Duka limefungwa, binti yangu," akajibu kutoka ndani. "Pita kesho."

Jirani yangu muuza karanga alipigwa rungu la mdomo. Niliona meno mawili yakiangukia kwenye ungo wake. Yeye baadaye alisema ni matatu. Sikubishana naye, mdomo ni wake. Mchukuzi mmoja, kijana wa mjini aliyezaliwa mtaa wa Gerezani, akampokonya mgambo rungu na kulirusha juu ya bati. Yule mgambo, mtu mnene mwenye sare iliyokataa vifungo, akatazama huku na huku akitafuta cha kupigia. Akaona mafungu yangu.

"Afande, hiyo ni mbegu," nikamwambia.

"Itaota mgongoni kwako."

Akachomoa kijiti, akampiga nacho mchukuzi kichwani. Kikakatika. Muhogo ni mti wa hovyo kwa kazi hiyo, moyo wake laini kama boga. Akachomoa kingine, nacho kikakatika. Hasira zikampanda, akawa anachomoa viwili viwili. Wenzake wakaona ghala, wakaja kuchukua. Wachukuzi nao wakachukua. Muda si muda mtaa mzima unapigana kwa shamba la mama yangu. Mtu mmoja alichomwa kijiti shavuni kikabaki kinaning'inia. Nilikuwa nimehesabu vilivyovunjika hadi sabini nilipopigwa kisogoni, hesabu ikapotea.

Nikajilaza juu ya mafungu matatu yaliyobaki. Walinipiga mgongo, walinipiga mikono, kidole changu cha kati nikakisikia kinavunjika, sauti ileile ya kijiti.

"Toka hapo, mama," akasema yule mnene.

"Kama lazima unipige, tumia vilivyokwisha kuvunjika. Vipo tele hapo chini."

Akasimama kidogo, akawaza. Kisha akainama, akaokota kipande, akanipiga nacho. Ndiyo biashara pekee niliyoifunga siku ile kwa bei yangu.

Wakaanza kupandisha watu. Mchukuzi alikuwa ameinamisha kichwa, damu inamchuruzika puani. Nikamuuliza mgambo lori linakwenda wapi.

"Rufiji. Mkalime."

Sasa, pembeni ya kanga yangu nilikuwa nimefunga leseni ya kuuzia mihogo, ina muhuri. Ningeionyesha, ningelala kwangu. Lakini basi hakuna, na lori lile lilikuwa linapita njia ya kwetu. Nikipanda naandikishwa mzururaji, kijiwe changu kinachukuliwa. Nisipopanda, kaya tisa zinapanda kuni.

"Karatasi yako?"

"Sina."

"Cheti cha ndoa?"

"Mume alikwenda nacho."

"Panda."

"Sipandi bila vijiti. Mnatupeleka kulima, tukapande nini, kokoto?"

"Mbegu za serikali zipo."

"Umeziona, afande?"

Alinipiga kofi nikaonja chumvi. Nikarudi kukaa juu ya mafungu. Ingehitaji watu wanne kuniinua, na jua lilishakuwa kali. "Pandisheni takataka zake," akasema. Nikamwomba na vipande vya chini. Nikaongezwa kofi la pili. Mchukuzi akaviokota bila kuomba, waliokamatwa wakavipokezana hadi juu, na mgambo, ambao nao walikuwa wamechoka, wakatazama kando.

Ndani ya lori nilichambua kwa mkono mzima. Kipande chenye macho manne ya kuchipua nakiweka, kilichochubuka ganda natupa. Mchukuzi alikuwa anatupa vyenye damu.

"Acha hivyo," nikamwambia. "Damu haiozeshi."

"Ni yangu, dada."

"Basi utapewa fungu lako."

Alidhani ni utani. Lori lilitushusha Rufiji, vijiti vikapandwa kijijini kwa mama, naye akaandikishwa hapo kwa sababu hakuwa na kwao pengine, akapewa jembe, na wiki ya kwanza viganja vyake vilitoka malengelenge akalia waziwazi. Mimi nilikaa misimu miwili. Kijiwe changu alikichukua muuza karanga.

Mto ulipojaa tena, ulifagia bonde lote. Kule juu sisi tulikuwa tunamenya, tunaloweka, tunaanika makopa, watu wanakula. Wa kijiji cha ng'ambo, ambao maji yaliwaacha mikono mitupu, wakaja kuomba mbegu. Mama aliwakatia mwenyewe. Akawaambia wafunge vizuri, walowanishe magunia, na wakizunguka wazunguke watakavyo, ila mjini wasipite.